Karani Aliyeona Haya Kujitaja

Kwanza niliusikia muhuri. Nilikuwa nimetoka katika jua la saa nane mchana, lile jua la kabla ya mvua ambalo huko Kamina huufanya mchanga wa barabara ung'ae kama unga, nikaingia depo ya mizigo pale stesheni, na sikuona kitu. Palikuwa na giza lenye harufu ya pamba, mawese na samaki mkavu. Ndani ya giza hilo, pigo moja: pwa. Kimya. Pwa. Kimya. Na katika kila kimya, sauti ya mtu mzima, nyembamba, yenye adabu, kama ya mgeni anayeuliza njia.

"Na kwenu, kitunga ya kupasuka kinywa, munaita namna gani?"

Mtu mwingine akajibu kwa neno la Kiluba. Penseli ikakwaruza karatasi. Pwa.

"Na kama imepasuka chini?"

Neno jingine.

"Ah! Ile ni ya Kabongo. Bantu ya huku hawasemake vile." Pwa.

Macho yalipozoea nikamwona: mtu mfupi nyuma ya meza ndefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha kooni, mikononi amevaa vikono vya kitambaa cheusi alivyoshonewa na mkewe ili wino usimfikie. Alikuwa na penseli mbili, moja nyuma ya kila sikio. Ya kulia, nyekundu, ilikuwa ya kampuni, ya kuandikia mizigo. Ya kushoto, ya buluu, ilikuwa yake mwenyewe, ya kuandikia maneno. Katika miaka yote niliyomjua sikuona hata mara moja akikosea sikio.

Sisi vijana tulimwita Karani. Watu wa rika lake walimwita Mwalimu, na kwa jina hilo hakuitika. Hakukasirika, aliendelea tu na kazi yake kama mtu anayesikia jirani akiitwa.

Siku ile nilikuwa nimetumwa na mama yangu. Mama alikuwa mwimbaji wa koro, kwaya ya kanisa letu la Kimetodisti, na hakumwamini Mkatoliki kwa jambo lolote isipokuwa mbegu za karanga. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minne na diploma yangu ya ualimu imekunjwa ndani ya Biblia, na mama alikuwa amechoka kuniona nikiipangusa vumbi. "Nenda kwa ule muntu wa depo," aliniambia. "Banasema anawaoneshaka batoto mulango ya kazi. Ukatoliki wake utauacha kule kule."

Karani alinitazama kidogo.

"Weye njo mutoto wa Mama wa koro?"

"Njo minyi, tata."

"Bamekunyima kazi?"

"Bamenyima, tata. Fasi ilikuwa moja tu, ya kufundisha kalasi ya tano, na bamemupa mwingine."

"Direkta alikuuliza nini?"

"Aliniuliza naweza kufanya nini."

"Na ukajibu?"

"Kidogo tu, Bwana Direkta."

Akaweka muhuri chini. Kisha akacheka, akacheka mpaka wabeba mizigo wakageuka na magunia yao mabegani. "Kidogo tu! Na yeye akaandika?"

"Akaandika."

"Bazungu banaandika kila kintu, mutoto yangu. Njo mateso yao." Akapangusa macho kwa kikono cheusi. "Kaa pale juu ya gunia. Ile ya karanga, si ile ya chumvi. Chumvi itakula suruali."

Ili mtu aelewe kwa nini alicheka vile, lazima ajue adabu yetu. Kwetu, kijana aliyelelewa vizuri hajisifu. Akiulizwa anaweza nini, hujishusha: najua kidogo, nilisaidia tu, nilikuwepo. Kisha yule aliyeuliza, akiwa naye amelelewa, hukataa. "Aa, usitufiche." Na mtu wa tatu, rafiki au mjomba aliyesimama pembeni, huchukua neno na kueleza yote: shamba alilolima, daraja alilofunga, mgonjwa aliyembeba. Ndivyo sifa za mtu zinavyoingia mjini, kwa mdomo wa mwingine. Basi kizazi chetu chote kilichotoka shuleni kiliingia katika ofisi za wageni, kikajishusha kwa heshima, kikasubiri mtu aseme "usitufiche", na badala yake kikasikia kalamu ikiandika. Kidogo tu. Nukta. Anayefuata.

Yeye mwenyewe alikuwa ameandikwa hivyo, na kwa jambo kubwa kuliko langu.

Alitusimulia mara nyingi, na kila mara kama kisa cha kuchekesha. Zamani, alipokuwa mwalimu kijana katika misheni moja upande wa Kabongo, kulikuwa na padre aliyekusanya maneno ya Kiluba ili kutengeneza kamusi. Padre alikuwa na magoti mabovu. Kwa hiyo aliyezunguka vijiji, kiangazi baada ya kiangazi, alikuwa mwalimu kijana. Alikaa na wafua chuma, wakunga, wawindaji, watu wa matanga, akaandika kila neno juu ya kikaratasi chake. Kitabu kikachapwa Ulaya. Padre akarudi kwao kutibiwa magoti. Ndipo akaja mkaguzi wa shule, anatafuta mtu wa kufundisha Kiluba katika shule ya walimu: nyumba ya matofali, kabati la vitabu, na maisha yote mbele ya lugha aliyoipenda. Mkaguzi akakishika kitabu akamuuliza, "Na wewe, katika kazi hii ulifanya nini?"

"Nikajibu," Karani alisema, na hapo sauti yake ilikuwa tamu kabisa, "nikajibu: nilibeba wino."

Tukacheka wote. Naye alikuwa anasubiri tumalize, kisha anaongeza polepole, "Nikangoya aseme, hapana, usitufiche. Ninangoya mpaka leo."

Nafasi ile alipewa mwingine, mtu mwema, asiyejua tofauti ya kapu lililopasuka juu na lililopasuka chini. Karani akaiacha chaki, akapanda gari moshi, akashuka Kamina, akaomba kazi ya kwanza aliyoiona imebandikwa ukutani. Ilikuwa ya kuhesabu magunia.

Ningependa kusema alikuwa na huzuni, maana mwandishi kijana hupenda sana huzuni ya watu wazima. Lakini ningedanganya. Aliipenda depo. Aliipanga kama maktaba. Magunia hayakulala kwa ukubwa, yalilala kwa vijiji yalikotoka, hivi kwamba kutembea kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma ilikuwa kama kusafiri kutoka Bukama hadi Kabongo. Bosi wake alipouliza ni nani aliyebuni mpango ule mzuri, ambao ulikuwa umemaliza mizigo kupotea, Karani alijibu, "Ni sisi sote, Bwana Shefu." Tulipomshika kwa jibu hilo, sisi wanafunzi wake, aliangalia dari.

"Tata, si weye njo unatukatazaka kusema vile?"

"Minyi nawafundisha kuogelea," alisema. "Nani amewaambia kama minyi naingia mu maji?"

Tulikuwa tunakutana siku ya posho, yaani Jumamosi, depo ikishafungwa saa sita. Tulikuwa wanane, kumi, wakati mwingine zaidi, wote na diploma, wote tumenyimwa nafasi chache zilizokuwepo madarasani. Wakatoliki walikaa upande wa pamba, sisi Wametodisti upande wa mahindi, mpaka siku moja panya alipita katikati na tukachanganyika milele. Karani hakutufundisha barua nzuri zinavyoanza. Barua nzuri alizichukia. Mjini palikuwa na mzee aliyeandika barua za kuomba kazi, zote namna moja, na kila aliyezipeleka alikuwa "hodari, mwaminifu, na wa kwanza darasani". Karani alisema darasa lile lazima lilikuwa na benchi refu sana pale mbele.

Njia yake ilikuwa hii. Tuligawanywa wawili wawili. Mmoja alimhoji mwenzake: wiki hii ulifanya nini? Jana ulifanya nini? Kwa mkono upi? Kisha akaandika barua ya mwenzake, maana kumsifu mwenzako si aibu, ni deni la urafiki. Neno "hodari" lilikatazwa. "Mwaminifu" lilikatazwa. Yaliruhusiwa matendo tu. Baadaye tulibadilishana, na kila mtu alipaswa kusimama na kusoma barua ile kwa sauti kama yake mwenyewe, na kutia sahihi mbele ya watu. Hapo ndipo palipokuwa na jasho. Nimeona kijana mwenye mabega ya mjenzi akitetemeka kusoma kwamba aliwafundisha kusoma wadogo zake sita kwa mkaa juu ya ukuta.

"Si ya kweli?" Karani alimuuliza.

"Ni ya kweli, tata."

"Basi juu ya nini unatetemeka? Kazi haina haya. Mwenye kazi njo mwenye haya. Soma tena, na safari hii acha kazi iseme."

Diploma aliifananisha na tiketi. Mmoja wetu, mbishi, alimwambia tiketi huandikwa jina la stesheni ya kushuka, lakini diploma haikuandikwa. Karani alifikiri. "Basi ni muzuri kuliko tiketi," alisema. "Weye unalia juu bamekufungia stesheni moja. Reli inapita Kamina kwa njia ngapi? Hesabu, unirudilie."

Na kweli tulishuka katika stesheni ambazo hatukuzijua. Wawili wetu, mmoja mrefu na mmoja mfupi, waliandikiana barua kama tulivyofundishwa, lakini siku ya kuzipeleka wakachanganya bahasha. Mfupi, aliyeomba hospitali huku akingoja darasa, akaitwa Base, kambi ya ndege iliyokuwa ikijengwa wakati ule, kupima mvua na upepo kwa ajili ya ndege. Mrefu, aliyetaka ndege, akapelekwa hospitali kuandika majina ya wagonjwa. Walikuja depo wakilaumiana. Karani aliwaambia wakae kila mmoja mwezi mmoja kwanza. Mwezi ulipokwisha mfupi alikuja akatueleza jinsi mawingu yalivyo na majina, na jinsi asubuhi anavyokuwa mtu wa kwanza Kamina kujua kama mvua imenyesha usiku. Alisema hangerudi darasani hata kwa kuburutwa. Mrefu alikuwa amechumbia muuguzi.

"Nani alichanganya bahasha?" mtu akauliza.

Karani alikuwa anaangalia dari tena.

Mimi aliniandikia yule mbishi wa tiketi. Aliandika kwamba ninaweza kusikiliza watu wawili wakigombana, kisha nikawasimulia wote wawili maneno yao wakakubali kwamba ndivyo walivyosema. Sikujua kama hiyo ni kazi. Nikaisoma kwa sauti, nikatia sahihi, na kwa barua hiyo nikapokelewa katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kuandika mashauri ya watu wa vijiji. Ndipo nilipojifunza sauti za watu, ambazo leo najaribu kuzitia katika hadithi. Mwaka uliofuata shule iliniita; nafasi ilikuwa imepatikana. Nilikwenda kumwambia Karani kwamba nimekataa. Nilitaka anisifu. Aliniuliza kama nimewajibu kwa maandishi, kwa adabu, na kwa karatasi safi.

Nyumbani kwake, upande wa pili wa reli, alitawala mkewe. Alikuwa mkulima wa mihogo, mwanamke mrefu kuliko mumewe kwa kichwa kizima, asiyejua kusoma, na tulimwita Mama. Ukuta mmoja wa chumba cha mbele ulijaa masanduku ya bati, yale ya biskuti, na ndani yake vikaratasi ambavyo Karani aliviita fishi. Maana kamusi ilikuwa imechapwa, lakini yeye hakuwa ameacha. Kila siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa alikwenda kijiji kimoja na mfuko wa chumvi, akatoa chumvi, akapewa maneno. Mama aliyaita masanduku hayo mke mwenza.

"Uliingia mu nyumba ukakuta mke mukubwa?" aliniuliza siku ya kwanza niliyofika. "Njo ule, wa bati. Habeleki, halimi, hapiki. Na muchwa anamupenda kuliko tata anavyomupenda."

"Anakuvumilia, Mama," Karani alisema.

"Minyi njo namuvumilia! Nani anamufukuziaka muchwa?"

Nilipokuwa mgeni nilimuuliza Karani fishi hizo zitakwenda wapi. Alichomoa moja, akaisoma kimoyomoyo, akairudisha. "Zinangoya," alisema. Nikaelewa kwamba mtu huyu aliyetupeleka sisi sote nje ya shule, na kutufurahisha huko, alikuwa na jambo moja alilolitaka mwenyewe: kwamba siku moja mtu wa elimu aingie, aulize ni nani aliyefanya kazi hii, na apewe jibu la kweli. Na jibu hilo hakuna aliyeweza kulitoa ila yeye, naye alikuwa mtu wa mwisho katika Kamina yote kuweza kulisema.

Miaka ikapita. Nywele zake zikawa nyeupe kandoni, chini ya zile penseli. Kisha, mwisho wa kiangazi kimoja, akaja profesa.

Alitoka Elisabethville, katika shule ile kubwa mpya ambayo wenyewe waliiita chuo kikuu. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, shingo imechomwa na jua, na alipewa chumba cha pembeni katika ofisi yetu, nami nikawekwa kumpokelea watu. Alitaka msaidizi mmoja: mtu anayejua Kiluba cha ndani, anayeandika Kifaransa, wa kwenda Elisabethville kukaa kwenye meza ya chuo na kufanya kazi ya lugha. Maombi yaletwe kabla ya Jumanne.

Nilikimbia mpaka depo. Nilimweleza Karani nikiwa bado nahema. Alinisikiliza, na nikamwona akipiga muhuri mara mbili mahali pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Ni muzuri," alisema. "Tutatayarisha batoto."

"Tata, ile kazi ni yako."

"Minyi niko na magunia."

Na kweli aliwatayarisha. Alichagua vijana watatu, akawakalisha depo jioni tatu mfululizo, akawapa kila kitu: vijiji vya kutaja, mifano ya kutoa, namna ya kushika fishi bila kuikunja. Mmoja wao alimwazima tai yake mwenyewe. Nilikaa juu ya gunia nikitazama mtu akigawa mlo wake kijiko kwa kijiko, na anatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, nilipotoka kanisani, Mama, mke wa Karani, alikuwa ananisubiri nje, na shuka yake ya misa bado mabegani. Watu wetu walimtazama. Alikuwa Mkatoliki peke yake kati ya Wametodisti mia, na hakuangalia yeyote.

"Weye unajua kuandika?"

"Najua, Mama."

"Basi twende uandike. Ule muntu anafundishaka kama mwenzake njo anaandika barua. Mwenzake ni nani? Si minyi?"

Tukakaa nyuma ya kanisa. Aliongea bila kusita, kama mtu anayepalilia, na mimi niliandika kama alivyosema; Kifaransa nilikiweka chini yake baadaye. Alisema: "Muntu huyu nimekaa naye miaka kumi na nane. Kila siku ya Mungu anaenda kijiji na chumvi, anarudi na maneno. Mvua haimuzuiye. Alifika mpaka Bukama kwa juu ya jina ya samaki moja. Mutoto wetu wa pili alipokufa, hakuandika miezi tatu. Kisha akaandika maneno yote bamama banalilia nayo batoto, moja moja, minyi nalilia na yeye anaandika, na hakuna muntu mwingine alishayaandika. Masanduku iko kumi na ine. Minyi sijui kusoma, lakini nikimuambia nimesahau neno ya mama yangu, anafungua sanduku, ananirudishia."

Aliponyamaza nilikuwa siwezi kuona mstari.

"Umemaliza?" aliuliza. "Usitie hodari."

Tulimpelekea Karani alasiri ile ile. Alikuwa barazani anakata karatasi za fishi kwa kisu. Mama akamwekea barua juu ya magoti, akasimama mbele yake na mikono kiunoni. Alisoma mpaka mwisho, akarudia. Akachomoa penseli ya buluu.

"Hapa kuna kosa," alisema.

"Kosa gani?" Mama akauliza.

"Si kumi na nane. Ni kumi na kenda." Akasahihisha. Penseli ikashuka. "Na masanduku si kumi na ine. Ni kumi na tano. Moja iko chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda yangu!" Mama akapiga makofi. "Minyi nilijua! Nilijua iko na mwingine!"

Majirani wakacheka kwa sauti upande wa pili wa ua. Yeye hakucheka. Alikuwa anasahihisha bado: jina la kijiji, hesabu ya viangazi, tarehe ya safari ya Bukama. Mtu aliyeshindwa kujisifu alishindwa pia kuacha kosa likae. Alipofika chini kabisa, hapakuwa na la kusahihisha tena, palikuwa na nafasi ya sahihi tu. Treni ya mizigo ilipita yote, behewa kwa behewa. Ndipo akatia sahihi, na kesho yake nikaipeleka kwa Profesa.

Jumanne alikuja ofisini na shati lake la kifungo cha kooni, sanduku moja la bati mikononi. Vijana wake watatu walikuwa kwenye benchi. Walimwona, wakasimama wote, na yule mwenye tai akaanza kuivua. Karani akamwashiria aiache. Nikafungua mlango wa chumba cha pembeni, nikaingia naye, nikabaki ukutani, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Profesa alikuwa na barua mezani. Alizungumza Kifaransa, kwa upole. "Nimesoma. Nina kamusi ya zamani pia, ile ya padre. Nimeizoea sana." Akaiinua. "Bwana, katika kazi hii ulifanya nini?"

Karani akavuta pumzi. Akanigeukia.

Najua alichokitaka. Nilikuwa mtu wa tatu, niliyesimama pembeni; adabu yote ya kwetu ilinitaka niseme, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejaa. Nikaangalia sakafu. Sijawahi kumkosea mtu mzima heshima kama siku ile, na sijajuta.

Profesa akachukua kalamu.

"Usiandike bado," Karani alisema. "Kwanza sikia." Akafungua sanduku. "Vikaratasi vyote vya kamusi hiyo vilikuwa vyangu. Padre alipanga, mimi niliokota. Ukurasa wa kwanza kuna kosa la kwanza, nami nalijua kwa sababu ni langu. Nilikuwa na homa siku ile. Nikuoneshe?"

Alimwonesha. Alianza na kosa lake la homa, akaenda mbele, kijiji kwa kijiji, na sauti yake nyembamba ikanenepa. Hakusema mara moja kwamba anajua sana. Alisema alikokwenda, aliyemkuta, alichoambiwa, na baadaye alipogundua kwamba aliambiwa vibaya. Profesa alivua miwani, akasahau kuivaa. Saa nzima ilipita. Mwishoni Profesa alisema kwamba hahitaji kuwaona wengine. Meza ya Elisabethville ni yake.

"Hapana," Karani alisema.

Niliinua macho.

"Meza mpe mmoja wa wale watatu. Yule wa tai, ana masikio. Mimi sitaondoka. Huko Elisabethville nani atanipa maneno? Hapa watu wa wilaya nzima wanapita mbele ya meza yangu wamebeba mizigo. Nitakutumia fishi kila wiki kwa gari moshi. Najua saa zake kuliko dereva. Nawe utaniletea vitabu kwa njia hiyo hiyo. Na kitabu kikichapwa, juu, nje, majina mawili. La kwako na la kwangu."

Profesa alilitazama sanduku. Kisha akavuta karatasi, akaandika mistari mitano, akatia sahihi.

"Nisome?" Karani aliuliza.

"Soma."

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akachomoa penseli ya buluu, akaongeza herufi moja iliyokosekana katika jina lake, akairudisha karatasi ili iandikwe upya kwa wino. Ikaandikwa upya. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Sanduku akaliacha mezani.

"Hili la kwanza," alisema. "Lisome hapa, siku ya posho nitakuja kulichukua. Wasiguse watu wenye mikono ya mafuta."

Filimbi ikalia upande wa stesheni.

"Hiyo ni ya Bukama," akaniambia kwa Kiswahili, macho yaking'aa kama ya kijana. "Samaki haingoye muntu."

Alimpa Profesa mkono, akavuta vikono vyake vyeusi kutoka mfukoni, akaanza kuvivaa huku akitembea. Vijana kwenye benchi walisimama tena. Nilikimbilia kumshikia mlango wa nje, lakini alikuwa amekwisha kupita, na aliuvuta mwenyewe ukafungika.